Kompyuta Iliyongoja Kikombe cha Tatu

Finote Selam, Hidar 10, 2010

Mdogo wangu Sisay,

U mzima? Na huyo mkeo Aynalem, ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu, hajambo? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Tefu imekaa vizuri mwaka huu, mvua imeondoka kwa adabu, haikutuvizia wakati wa kuvuna kama mwaka jana. Jino langu la nyuma limeng'olewa, sasa natafuna upande mmoja kama mbuzi. Shemeji yako Worku ametengeneza paa la jiko, maana yake amepigilia misumari palipokuwa hapavuji.

Sasa tuelewane. Sikuandikii kwa sababu nimekusamehe. Hukuja kumzika mama, na niliapa mbele ya Mtakatifu Mikaeli kwamba sauti yako nitaisikia ukiwa umesimama mbele yangu, si kwenye simu. Kiapo kiko palepale. Kwa hiyo usinipigie. Andika, umpe dereva wa basi la Addis Ababa, naye atampa Shibeshi, dereva wa huku.

Nina shida ya kompyuta, na wewe ndiye fundi wa kompyuta pekee ninayemjua ambaye hatanidanganya. Kwa mengine unaweza kunidanganya vizuri tu, ila kwa mashine hapana.

Mwaka jana idiri yetu ilinichagua kuwa katibu. Mimi! Mwanamke wa kwanza tangu chama hiki cha kuzikana kianzishwe. Nikawashawishi wakanunua kompyuta mpakato na modemu ya intaneti. Ndani yake nimeingiza kaya zote: nani anakaa wapi, nani aarifiwe kukitokea msiba, turubai liko kwa nani, sufuria kubwa ziko kwa nani. Ilikuwa inawaka upesi, nikawa natembea mjini kifua mbele. Tangu mwaka mpya, Meskerem, imebadilika. Nikiiwasha inakaa, inazungusha kile kiduara chake, inakaa. Mwezi uliopita alifariki mzee Admasu. Nikafika msibani na mashine yangu mapajani ili nitoe majina ya wabeba turubai. Wanawake wakachemsha kahawa. Tukanywa abol, kiduara kinazunguka. Tukanywa tona, kinazunguka. Tumemaliza baraka, kikombe cha tatu na cha mwisho, vikombe vimeshaoshwa, ndipo ikaamka! Wafiwa wamekaa juani muda wote huo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ato Gebeyehu, katibu wa zamani niliyemshinda, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Marehemu alikuwa na haraka kuliko mashine."

Mkutano mkuu ni Jumapili ya pili baada ya Fasika, Pasaka yetu. Gebeyehu ameshatangaza: mashine isipopona mpaka siku hiyo, mimi nirudi jikoni na yeye arudi mezani. Na wengi wanaitikia kwa vichwa. Kuna kijana wa duka la simu hapa anasema dawa ni kufuta kila kitu. Nikamwambia akafute kwao.

Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Wubalem


Dire Dawa, Hidar 27, 2010

Dada yangu Wubalem,

Barua yako niliipokea kwa mikono miwili, na niliibusu kabla ya kuifungua. Aynalem alinicheka. Yeye hajambo, anakusalimu, anasema picha uliyonayo ni ya zamani, sasa amenenepa. Huku joto ni lilelile, tunalala uani. Duka langu liko karibu na stesheni ya zamani, na lina feni moja inayopuliza ikitaka. Pole ya jino. Shemeji Worku mpe salamu, mwambie bora abakize misumari.

Katibu! Dada, nilipiga kelele peke yangu dukani hadi mteja akaacha chaja yake akakimbia.

Haya, tuingie kazini. Kwanza, usikubali mtu afute chochote. Asante kwa kumfukuza yule kijana.

Pili, kompyuta ikiamka kuna programu zinazoamka nayo, zote kwa pamoja, kama watu wanaosukumana mlangoni siku ya harusi. Anayetakiwa kuingia kwanza anakwama nyuma. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa mpigo mmoja. Litatokea dirisha, na ndani yake kuna orodha ya programu zinazoanza pamoja na mashine. Zile usizozijua na usizozihitaji, zizuie. Usimzuie yule wa kuzuia virusi, tumwite mlinzi wa virusi. Tatu, angalia diski imejaa kiasi gani. Ikishiba mno haiwezi kutembea. Video, nyimbo, picha za harusi za watu, vitoe.

Kuhusu mengine uliyoyaandika, tuyaache kwa leo.

Mdogo wako,
Sisay


Finote Selam, Tahsas 13, 2010

Sisay,

Habari za huko? Jana tulikuwa kanisani kwa Mikaeli, nikawasha mshumaa, sikusema ni wa nani. Ng'ombe amezaa ndama jike. Worku anajisifu utadhani amezaa yeye.

Nimefanya ulivyosema. Loo! Unajua nilichokuta? Mchezo wa karata. Unaamka wenyewe kila asubuhi kabla hata ya majina ya chama. Nikamwita Worku. Akaangalia dari. Nikamuuliza, "Huu umeingia wenyewe?" Akasema, "Labda ulikuja na mashine kutoka dukani." Mwongo mkubwa! Nimekuta pia harusi ya binti wa jirani, nzima, kuanzia kuvisha pete mpaka watu kutapika. Vyote nimetoa.

Matokeo: zamani ilikuwa inaamka vikombe vikiwa vimeoshwa. Sasa inaamka tukiwa katikati ya baraka. Ni nafuu, lakini nafuu ya aibu. Gebeyehu amesikia, akasema, "Hongera, katibu. Mwaka kesho tutafika tona."

Mlinzi wa virusi sikumgusa, ingawa ananichosha. Kila ninapoiwasha ananiletea maandishi mekundu, nami nayafunga. Na mashine ina kasoro nyingine: haijui kuhesabu. Mwezi wa Tikimt ulipofika tarehe ishirini na nane, kesho yake ikaruka ikaenda mwezi wa tatu, kana kwamba siku mbili za watu si kitu. Nikairudisha kwa mkono. Tangu hapo kila baada ya muda naikamata imekosea tarehe, nairekebisha. Mashine gani hii isiyojua hata leo ni lini?

Fikiri haraka. Fasika haisubiri mtu.

Wubalem


Dire Dawa, Tahsas 30, 2010

Dada yangu mpenzi,

Jana ilikuwa Krismasi, na sisi tuliila na majirani. Aynalem alipika kuku kwa namna ya huku, wenyewe wanasema ni mtamu, mimi nilikula nikakumbuka wa mama. Mpe hongera shemeji kwa kujifungua.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Ile ya kurukaruka tarehe imenipa wazo. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo kama kifungo cha shati, kazi yake kulinda saa. Ikichoka, tarehe inapotea. Lakini betri ikifa, mashine hurudi miaka ya nyuma kabisa, haikosei siku mbili tatu. Kwa hiyo sina hakika. Fanya mambo mawili. Uizime, uigeuze, ufungue kifuniko cha nyuma kwa bisibisi ndogo, upulize vumbi kwenye kijifeni chake. Joto nalo huchelewesha. Halafu uiwashe, uninakilie tarehe na saa zinazoonekana pale pembeni chini. Ziandike kama zilivyo. Usinirekebishie, nakujua.

Na nikuambie jambo moja, sitalirudia. Wakati ule mama alipofariki nilikuwa ng'ambo ya mpaka, Djibouti, nikifanya kazi bandarini bila karatasi, na bila karatasi sikuweza kurudi. Habari ilinifikia. Nililia kwenye kontena. Basi.

Usisahau tarehe.

Sisay


Finote Selam, Tir 20, 2010

Sisay,

Hatujambo. Timkati, sikukuu ya ubatizo, ilipita vizuri, tulirudi tumelowa maji ya baraka mpaka kwenye viatu, na Worku akapata mafua ambayo anayasimulia kama vita.

Shibeshi atampokeza dereva wa kwenu kifurushi chako. Ni berbere, pilipili ya mwaka huu, nimeipepeta mwenyewe, na unga wa shiro, na siagi iliyokaangwa kwa viungo vya mama. Siagi imefungwa mara mbili, usiilaze. Aynalem nimemfungia shela ya kijani niliyoifuma mimi. Mwambie asiivae jikoni.

Nimefungua mashine. Vumbi lilikuwepo, ndiyo, na nimekuta pia punje za kolo. Shayiri ya kukaanga, ndani ya kompyuta ya chama! Worku ameangalia dari tena. Nimesafisha vizuri. Sasa haipigi kelele, ni baridi kama mtungi, lakini kuamka ni kulekule katikati ya baraka.

Tarehe unayoitaka ni hii, nimenakili kama ilivyo: 20/5/2010, saa 4:10. Sahihi kabisa. Ni Tir, mwezi wa tano, na mimi naandika hapa ni asubuhi saa nne na dakika kumi. Kwa hiyo tatizo si hilo.

Na isingekuwa sahihi kama si Gebeyehu, lazima niwe mkweli. Tulipofungua mwaka, Meskerem, alisimama mkutanoni akauliza, "Mashine hii inasema tuko mwaka 2017. Nani kati yenu yuko 2017, anyooshe mkono nimwone." Watu walicheka mpaka wakakohoa. Akasema chama cha wakristo kinachozika watu wake kwa kalenda ya mababa hakiwezi kuandikwa kwa tarehe za kigeni. Tukapiga kura. Azimio likapita bila mpinzani, hata mimi nilinyoosha mkono. Nikaiweka mwaka 2010 pale pale mbele yao, na saa nikaiweka ya kwetu, inayohesabiwa tangu kuche. Walipiga makofi. Ilikuwa siku nzuri.

Haya, tafuta kwingine.

Wubalem


Dire Dawa, Yekatit 7, 2010

Dada! Dada! Dada!

Salamu zako zitakuja mwishoni, siwezi kusubiri. Nimecheka hadi Aynalem akaniletea maji. Nimecheka, kisha nikasimama nikacheza mabega dukani, mtu mzima mimi. Ugonjwa tumeukamata!

Sikiliza. Wewe unajua leo ni mwaka gani, na mashine iliambiwa na mkutano halali. Ila mashine ndani yake haijui kalenda yetu. Ukiiambia 2010, inaelewa 2010 ya wazungu, yaani miaka minane nyuma. Na mwezi wetu wa pili, Tikimt, inaudhani ni wa pili wao, ule mfupi wenye siku ishirini na nane. Ndiyo maana ikaruka. Inajua kuhesabu vizuri sana, dada. Tatizo inahesabu siku za nyumba nyingine.

Sasa yule mlinzi wa virusi. Mfikirie ni mlinzi wa geti. Kila asubuhi anaingia kazini, anatoa kitambulisho chake, kinasema kimetolewa 2017. Anaangalia saa ya ukutani, inasema ni 2010. Anashtuka: kitambulisho hiki kimetolewa miaka ambayo haijafika! Anapiga simu makao makuu kwa intaneti ya modemu yenu kuomba kingine. Makao makuu nao wanaangalia tarehe yake, wanasema wewe ni tapeli, wanakata. Anapiga tena. Wanakata. Na wakati wote huo getini hapiti mtu. Akishachoka kabisa ndipo anafungua, na ninyi mmeshafika baraka. Yale maandishi mekundu unayoyafunga ndiyo malalamiko yake!

Dawa ni dakika moja. Rudisha tarehe ya kigeni, Februari 2018, na saa ya kigeni. Izime, iwashe. Uniandikie ilivyoamka.

Sisi wazima. Berbere imefika, Aynalem ameivaa shela siku hiyo hiyo, jikoni. Siagi niliinusa nikakaa chini.

Sisay


Finote Selam, Yekatit 25, 2010

Sisay,

Tuko kwenye Kwaresima, tunakula shiro mpaka macho yanakuwa ya rangi yake. Ndama anakua. Nimefurahi siagi haikumwagika.

Nimekuelewa. Mfano wa mlinzi ni mzuri, nimeucheka peke yangu kitandani. Lakini siibadilishi.

Usiniulize kwa nini kama mtu asiyetoka huku. Lile ni azimio. Lina muhuri. Katibu anayevunja azimio la chama gizani huku amejifungia ndani, huyo si katibu, ni mwizi mwenye kalamu. Unataka nimpe Gebeyehu kisu na shingo? Atasema, "Mnaona? Mwanamke amepewa muhuri, ameanza kufanya ya kwake."

Worku anasema nijaribu mara moja tu, nani ataona. Nitaona mimi.

Na tatizo lenyewe ni kwamba Gebeyehu hakukosea yote. Chama kinazika kwa kalenda yetu. Arobaini ya mtu tunaihesabu kwa kalenda yetu. Sikukuu za watakatifu ni za kalenda yetu. Nikiwaambia warudi 2018 hawatakubali, na mimi mwenyewe moyo hautaki. Nitafutie njia ambayo mashine itahesabu kwao na kuongea kwetu. Kama haipo, niambie mapema niache kiti kwa heshima kabla sijanyang'anywa.

Nimeanza kuota kiduara kile kinazunguka.

Wubalem


Dire Dawa, Megabit 15, 2010

Dada yangu, katibu wa kweli,

Nilisoma barua yako, nikafunga duka mapema. Aynalem akaniuliza, "Kuna nini?" Nikamwambia, "Kuna dada yangu."

Njia ipo. Kwenye kifurushi hiki kuna fleshi, nimeifunga kwenye soksi mpya. Ndani yake kuna programu ndogo niliyoiandika kwa ajili yako. Saa ya ndani ya mashine itabaki ya kigeni, ili mlinzi asigombane na makao makuu. Lakini juu ya kioo, kwa herufi zetu, kubwa kuliko kitu kingine chochote, itaonyesha siku ya kwetu, mwezi wa kwetu, mwaka wa kwetu, na saa tangu kuche. Na mtakatifu wa siku hiyo. Hata ile miezi kumi na mitatu inaijua, ule mfupi wa Pagume umo, haitaruka kitu. Ukifungua jina la marehemu inakuhesabia arobaini yenyewe.

Nimejaribu hapa. Nilichukua kompyuta nzima, nikairudisha saa nyuma miaka minane. Ikaugua palepale, ugonjwa wako uleule, kiduara na maandishi mekundu. Nikaiponya, ikapona. Kwa hiyo ukisimama mbele yao, simama wima, sikupi tumaini la kubahatisha.

Jambo moja ulishike sana: ukishabadilisha tarehe, mara ya kwanza itachelewa kidogo. Mlinzi atakuwa anachukua kitambulisho kipya. Usitishike. Mwache amalize, kisha uizime uiwashe mara ya pili. Ya pili ndiyo yenyewe.

Huko mjini bado wananisema? Usinijibu.

Nawatakieni Fasika njema.

Sisay


Finote Selam, Miyazya 16, 2010

Sisay wangu,

Kaa chini. Mwite Aynalem naye akae. Aanze kuchemsha kahawa, barua hii si ya kusomwa mikono mitupu.

Juzi Jumapili mkutano ulijaa, watu walikaa mpaka juu ya mawe ya uzio. Nilivaa vazi jeupe la mama. Worku alibeba mashine kama anabeba mtoto wa kubatizwa. Mama Enanu alikuwa na makaa yake na mtungi wake wa kahawa pembeni, nikamwambia achemshe kama kawaida, asiharakishe wala asichelewe.

Gebeyehu akafungua. "Mwenyekiti, tusipoteze muda. Katibu awashe mashine, sote tuone."

Nikaiwasha kama ilivyo, na ugonjwa wake. Nilitaka waone wenyewe. Abol ikapita. Tona ikapita. Gebeyehu akasema, "Katibu, iambie mashine yako kwamba wengine tuna ng'ombe wa kukamua jioni." Kicheko! Baraka ikaja, ikaamka katikati. Watu wakawa wanatikisa vichwa kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniuma kuliko kicheko.

Ndipo nikasimama. Nikawaeleza habari za mlinzi wa geti kama ulivyonieleza, neno kwa neno, isipokuwa mlinzi nilimpa jina, nikamwita Ato Gebeyehu. Mkutano uliangua kicheko hadi mwenyekiti akagonga meza. Gebeyehu mwenyewe mdomo ulicheza. Nikasema, "Mashine inaugua kwa azimio letu sote, na mimi nilinyoosha mkono. Sijaligusa. Naomba mkutano ulisimamishe kwa muda wa kahawa moja tu. Ikishindikana, muhuri huu hapa mezani, auchukue anayeutaka."

Nikauvua muhuri shingoni nikauweka mezani. Worku akashika kichwa.

Wakapiga kura, wakakubali. Nikabadilisha tarehe, nikaweka fleshi yako, nikaizima, nikaiwasha. Mama Enanu akaanza kahawa mpya. Na Sisay, ikazunguka! Kiduara! Abol ikamiminwa, kiduara. Jasho likanitoka mgongoni. Gebeyehu akanyoosha mkono kuelekea muhuri, taratibu, kama mtu anayechukua kipande cha mkate asionekane mlafi. Nikasahau kila kitu ulichoniandikia. Nikasahau jina langu. Ikaamka kwenye tona, na watu wakasema, "Aa, ni nafuu tu, ni nafuu." Ndipo maneno yako yakanijia: ya pili ndiyo yenyewe.

Nikapiga kelele, "Bado! Hiyo ilikuwa ya kitambulisho! Enanu, mwaga hiyo, anza upya!"

"Nimwage kahawa?" akasema Enanu, kama nimemwambia amwage mtoto.

"Basi inywe wewe, uanze upya!"

Nikaizima. Nikaiwasha. Enanu hajakung'uta hata vikombe. Narudia: vikombe viko kwenye sinia, vimelowa, hajavigusa, na mashine imeamka! Imeamka kabla ya maji kuwekwa motoni! Na juu ya kioo, herufi zetu, kubwa, nyeusi: Miyazya 14, 2010. Nikaigeuza wote waone.

Halafu Enanu akapiga kigelegele, na wanawake wote wakamfuata, mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Watu walisimama. Wazee walikuja mmoja mmoja kusoma tarehe, wakiigusa kwa kidole. Gebeyehu akaja mwisho. Akavaa miwani, akasoma mwaka, akasoma mwezi, akasoma mtakatifu wa siku. Akauokota muhuri. Nikasema sasa imekwisha. Akanivisha shingoni yeye mwenyewe, akasema, "Azimio lile nililileta mimi, nami naomba lifutwe. Na fundi aliyefanya hivi ni nani, tumshukuru?"

Nikasema, "Ni mtoto wa mama yangu. Sisay."

Vigelegele vikakatika. Unajua huku watu hawasahau. Kuna aliyenong'ona, "Yule ambaye hakuja kuzika?" Nikasema kwa sauti ambayo hata wewe Dire Dawa ungeisikia, "Yule ambaye alikuwa ng'ambo ya mpaka bila karatasi, akalia peke yake kwenye kontena la chuma, na hakuna hata mmoja wetu aliyempa pole. Mimi dada yake nikiwa wa kwanza."

Gebeyehu akakaa. Akafikiri. Unamjua, akifikiri anavuta sikio. Akasema, "Basi chama hiki kina msiba ambao hakijaumaliza." Akaleta hoja, na mimi nimeiandika, na imepita mikono yote juu: siku utakayofika, idiri itasimamisha turubai mbele ya nyumba yetu. Benchi zitapangwa, sufuria zitatolewa, tarumbeta itapigwa mtaani. Utakaa chini ya turubai pamoja nami, na mji mzima utakuja kukupa pole ya mama, kama ilivyopasa. Gebeyehu amesema nguzo ya mbele ataibeba yeye.

Mashine imeshatoa majina ya wabeba turubai. Iliyatoa nikiwa bado nafunga kanga kiunoni.

Hakuna aliyewahi kushinda kama nilivyoshinda juzi. Na ushindi huu ni wako nusu, uje uuchukue.

Dada yako, katibu aliyebaki na muhuri wake,
Wubalem


Stendi ya Addis Ababa, Ginbot 4, 2010

Dada,

Barua hii haitanitangulia, maana tunapanda basi moja. Nimeshampa salamu Shibeshi. Amenitazama, akashuka kwenye kiti chake, akanikumbatia mbele ya abiria wote.

Nimemwomba tukifika yeye ashuke kwanza akukabidhi karatasi hii, kwa sababu nikijaribu kuongea najua sitaweza. Tutakuwa wengi tunaoshuka, na umri umenibadilisha, kwa hiyo nakuelekeza ili usitafute. Aynalem ndiye mwenye shela ya kijani. Mimi ndiye ninayelia.

Sisay